Gesi Haiishi, Inavuja: Uhakiki wa Sentensi Tatu za Gereji

Kama una gari la mtumba lenye miaka kumi na tano au ishirini, sentensi hizi tatu umeshazisikia mpaka zimekukaa kichwani: "Bosi, gesi imeisha." "Gesi ni gesi tu." "Nimejaza kwa geji, iko vizuri." Anayezisema si tapeli. Mara nyingi ni fundi mwenye mkono mzuri, anayefungua kompresa ndani ya nusu saa huku wengi wetu tuliosoma thamodainamiki chuoni hatujui hata boliti ya kwanza iko wapi.

Tatizo ni kwamba sentensi zote tatu zina kasoro ya kisayansi. Kasoro hizo zinakula hela yako, zinaharibu kompresa, na wakati mwingine zinaweka roho ya fundi na ya abiria hatarini. Tuzihakiki moja moja. Mwishoni tutageuza kibao, tuwaangalie wateja na wanaotoa elimu ya mazingira, maana nao wana sehemu yao.

Sentensi ya kwanza: "Gesi imeisha"

Petroli inaisha kwa sababu inaungua. Gesi ya AC haiungui popote. Kompresa inaibana, inapita kwenye kondensa iliyo mbele ya rejeta na kugeuka kimiminika, inapenya kwenye kitundu chembamba cha valvu, inachemka ndani ya evaporeta nyuma ya dashibodi na kunyonya joto la ndani ya gari, kisha inarudi kwenye kompresa. Ni mzunguko uliofungwa. Gesi ileile iliyonyonya joto saa mbili asubuhi ndiyo inayolinyonya saa tisa mchana. Kwa hiyo fundi akikwambia imeisha, swali la haki ni moja tu: "Fundi, imeenda wapi?"

Tuwe waungwana hapa. Hakuna mfumo wa gari usiopoteza gesi kabisa. AC ya gari ina mipira inayotikisika na sili ya shafti inayozunguka, tofauti na friji ya nyumbani ambayo kila kiungo kimechomelewa. Sheria za Ulaya kwa magari mapya ya R134a ziliweka kikomo cha upotevu cha gramu 40 kwa mwaka kwa gari lenye evaporeta moja, na gramu 60 kwa lenye mbili. Gari dogo linabeba kati ya gramu 400 na 600. Likipoteza gramu 40 kila mwaka, baada ya miaka mitano zimetoka 200, na hapo ni kawaida kuanza kusikia AC inapoza kivivu.

Basi hicho ndicho kipimo chako. Gari ambalo halijaguswa miaka mingi likihitaji gesi, sawa, linaeleweka. Lakini kama ulijaza Ramadhani iliyopita na leo upepo ni wa moto, hapo kuna tundu, na kujaza tena ni sawa na kumimina maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Na hasara haiishii kwenye gesi. Mafuta yanayolainisha kompresa hayakai tu ndani yake. Yanasafiri na gesi kwenye mzunguko mzima. Gesi ikipungua sana, mafuta nayo hayarudi vizuri, kompresa inakauka na mwisho inakata. Ukiona fundi amepata doa la mafuta kwenye kiungo cha paipu, ujue amepata ushahidi: gesi ilipotokea, mafuta yalitoka nayo na vumbi likanata hapo. Kabla ya mashine yoyote, tochi na macho vinafanya kazi kubwa. Kuna povu la sabuni. Kuna rangi maalumu inayowaka chini ya taa ya bluu. Kuna kujaza naitrojeni kavu na kusikiliza. Kisichofaa kamwe ni oksijeni ya mtungi wa kuchomelea: ikikutana na mafuta ya kompresa chini ya presha, inalipuka.

Sentensi ya pili: "Gesi ni gesi tu"

Hii ndiyo hatari kuliko zote. Inatokana na ukweli nusu: karibu kila kitu kinachochemka kwenye joto la chini kinaweza kupoza. Ni kweli. Lakini gari limetengenezwa kwa ajili ya gesi moja, na gesi hiyo imeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti, pamoja na kiasi chake kwa gramu. Magari mengi yaliyotoka Japani tangu katikati ya miaka ya 1990 yameandikwa HFC-134a. Kibandiko kile ndicho daktari wako.

Kwa nini usichanganye? Angalia presha. Gari likiwa kwenye foleni, jua la saa saba, kondensa inaweza kufika nyuzi 60. Kwenye joto hilo R12 ina presha ya bar 15 hivi na R134a karibu bar 17. Tofauti ni ndogo. R22, ambayo ilitumika sana kwenye AC za majumbani, ina zaidi ya bar 24. R410A, ya AC mpya zaidi za majumbani, inafika bar 38. Sasa chukua mpira na kondensa vilivyoundwa kwa bar 17, halafu uviwekee presha zaidi ya mara mbili. Fundi anayesema "nimekuwekea ile ya nyumbani, inapoza zaidi" huenda anasema kweli, lakini kwa muda mfupi tu. Paipu ikipasuka, aliyeinama juu ya injini ni yeye.

Halafu kuna mafuta. R12 inakwenda na mafuta ya madini, R134a inakwenda na PAG au mafuta ya esta. R134a haichanganyiki na mafuta ya madini. Ukiimwaga tu kwenye mfumo wa R12, mafuta yanabaki yamelala kwenye kona huku kompresa inasaga chuma kwa chuma.

Kisha kuna propani na butani, ambazo huuzwa peke yake au zikiwa mchanganyiko kama mbadala wa bei nafuu. Wanaozitetea wana hoja, na hoja yao isidharauliwe: zinapoza vizuri sana, haziharibu ozoni, na mchango wake kwenye ongezeko la joto duniani ni mdogo mno. Friji nyingi mpya za nyumbani zinatumia isobutani, na hakuna anayelia. Ila friji ile inabeba gesi kidogo tu, kwenye mabomba yaliyochomelewa, jikoni penye nafasi. Gari ni habari nyingine.

Tupige hesabu. Gari lililokuwa linabeba gramu 700 za R12 litatosheka na takriban gramu 250 za propani. Kiasi hicho kikitoka chote kwenye joto la nyuzi 30, kinachukua nafasi ya lita 140 hivi. Ndani ya gari dogo kuna kama lita 3,000 za hewa. Hiyo ni karibu asilimia 4.7. Propani iliyochanganyika na hewa inashika moto kuanzia asilimia 2 hivi mpaka 9.5. Maana yake, evaporeta ikitoboka usiku gari likiwa limefungwa vioo, asubuhi anayewasha sigara au swichi yenye cheche yuko katikati kabisa ya eneo la hatari. Hata kama nusu tu ndiyo imevuja, bado anaweza kuwa humo. Mfumo unaweza kuundwa kwa ajili ya gesi inayowaka. Lakini mfumo wa gari lako haukuundwa hivyo.

La mwisho kwenye sentensi hii ni gesi feki. Mwaka 2011 makontena ya baridi yalilipuka kwenye bandari, Vietnam na Brazil zikiwemo, na wafanyakazi wakafa. Uchunguzi ulielekeza kwenye R134a iliyoghushiwa kwa kuchanganywa na R40, yaani kloridi ya methili. R40 inashambulia alumini na kutengeneza kemikali inayowaka yenyewe ikikutana na hewa. Kompresa na kondensa za gari lako ni za alumini. Kwa hiyo rangi ya bluu ya mtungi si cheti cha kilichomo ndani. Mtungi usio na jina la mtengenezaji, au ulio na bei ya kushangaza, si dili.

Sentensi ya tatu: "Nimejaza kwa geji, iko vizuri"

Hapa ndipo somo la fizikia linapokuwa tamu. Zima injini, acha gari lipoe mpaka lilingane na hewa ya nje, tuseme nyuzi 30. Funga geji. Kama ni R134a, utasoma takriban psi 97. Sasa toa nusu ya gesi, usubiri, usome tena. Utapata nini? Psi 97 ileile.

Si uchawi. Mradi bado kuna tone la kimiminika ndani, presha inaamuliwa na joto, si kiasi. Unalijua hili tayari kutoka jikoni: mtungi wa gesi ya kupikia haukuambii umebaki na kiasi gani kwa nguvu ya moto. Moto uko vilevile wiki nzima, halafu siku ya wageni unakata ghafla. Ndiyo maana mtungi unapimwa kwa mizani. Gesi ya AC nayo inapimwa kwa mizani. Gramu zilizoandikwa kwenye kibandiko hazipo kwa urembo.

Injini ikiwa inaunguruma, geji inasaidia zaidi, lakini inachosema ni mchanganyiko wa mambo mengi: mwendo wa injini, feni ya kondensa, joto la siku hiyo, hata milango iko wazi au imefungwa. Presha ya juu iliyozidi inaweza kuwa gesi nyingi, na inaweza pia kuwa kondensa iliyojaa matope au feni iliyokufa. Fundi mzuri anasoma geji kama daktari anavyosoma joto la mgonjwa: ni dalili, si jibu.

Kabla ya kujaza kuna kuvuta vakyumu. Wengine wanairuka, wengine wanaivuta dakika tano huku wakipiga stori. Kazi yake si kutoa hewa tu. Ni kuchemsha maji. Ukishusha presha vya kutosha, maji yanachemka hata kwenye nyuzi 25 na mvuke wake unanyonywa nje. Kwenye mwambao wetu wenye hewa nzito ya unyevu, mfumo uliokaa wazi umejaa mvuke huo. Ukiachwa ndani unaganda kwenye valvu na AC inakata na kurudi, kisha taratibu unasaidia kutengeneza asidi inayokula alumini. Nusu saa ya vakyumu ni kiwango cha chini cha heshima, na mfumo uliokaa wazi muda mrefu unahitaji zaidi pamoja na draya mpya.

Wasomaji wa nyanda za juu wana jambo lao la ziada. Miongozo mingi inasema geji ishuke mpaka inchi 29 za zebaki. Dar es Salaam au Mombasa, usawa wa bahari, inawezekana. Nairobi, karibu mita 1,700 juu, hewa yenyewe ina uzito wa inchi 24 na kitu tu. Geji haiwezi kuonyesha 29 hata ukivuta mpaka kesho. Huko kufika karibu na 24 ndiko kufika mwisho. Fundi wa Nairobi anayelaumu pampu yake kwa sababu ya mwongozo ulioandikwa pwani anaonewa na karatasi.

Na gari lililozaliwa na R12?

Wapo ndugu zetu wenye Mercedes-Benz W124 za mwanzo, au Land Cruiser za kabla ya 1992 hivi, ambazo zilitoka kiwandani na R12. Gesi hiyo ilikuwa nzuri kwa mashine na mbaya kwa anga. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland walieleza jinsi klorini yake inavyoharibu ozoni. Mkataba wa Montreal ukatiwa saini tarehe 16 Septemba 1987, na nchi zinazoendelea zilitakiwa kuachana na gesi za jamii hiyo ifikapo 2010. Kwa hiyo mtu akikuuzia "R12 orijino" leo, jiulize kwanza ni nini hasa kilichomo.

Njia ya heshima ni kulihamishia R134a, na kazi hiyo ni zaidi ya kubadilisha mtungi. Mafuta ya zamani yatolewe na yawekwe ya esta, ambayo yanavumilia mabaki ya mafuta ya madini. Draya ibadilishwe, kwa sababu chembe za kukausha za zamani hazielewani na gesi mpya. Oringi zibadilishwe. Mipira ya kale iangaliwe, maana R134a ni molekuli ndogo na inapenya kwenye mpira ambao R12 haikuweza kuupenya. Viungo vya kujazia vifungwe vile vya R134a na kibandiko kipya kibandikwe, ili fundi wa kesho asidanganyike. Kiasi kiwe kati ya asilimia 80 na 90 ya kile cha zamani, si zaidi.

Na ukweli usemwe mapema: kwenye foleni huenda likapoza kidogo kuliko zamani, kwa sababu kondensa yake haikuundwa kwa presha ile. Kusafisha kondensa na kuhakikisha feni inapiga sawasawa kunasaidia kuliko kuongeza gesi.

Elimu nayo ina kasoro

Sasa tugeuze kibao. Elimu inayowafikia mafundi kwa miaka mingi imekuwa wimbo mmoja: "Linda ozoni." Wimbo mzuri, ila kwa gari la leo haueleweki. R134a haina klorini, haigusi ozoni. Fundi mwerevu akilijua hilo atasema, kwa haki kabisa, kwamba basi kuiachia hewani hakuna neno.

Kosa lake ni la aina nyingine. Kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja ya R134a inapasha dunia joto mara 1,430 ya kilo moja ya kaboni dioksidi. Gramu 500 zikiachiwa hewani ni sawa na kilo 715 za kaboni dioksidi. Lita moja ya petroli inatoa kilo 2.3 hivi, kwa hiyo ni kama umechoma lita 310. Gari linalokwenda kilomita 15 kwa lita lingesafiri Dar mpaka Mwanza na kurudi, mara mbili. Kwa sekunde chache za "pssss" pale gereji.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoleta Marekebisho ya Kigali ya Oktoba 2016, yaliyokubaliwa Rwanda, hapa hapa kwetu. Kwa kundi ambalo nchi nyingi za Afrika zimo, matumizi ya gesi za jamii hii yanazuiwa kuongezeka kuanzia 2024, kisha yanapunguzwa kwa hatua mpaka asilimia 80 ifikapo 2045. Hali hiyo inaelekea kufanya R134a iwe adimu, ipande bei, na gesi feki ziwe na soko. Wakati huohuo mitumba yenye R1234yf, gesi mpya inayowaka kidogo na yenye viungo vyake tofauti, itazidi kushuka bandarini. Fundi anahitaji kuelezwa haya kwa Kiswahili cha gereji, si kupewa bango la mwavuli wa bluu.

Na kuna jambo linalomhusu yeye mwenyewe kabla ya dunia: gesi hizi zikipita kwenye moto zinatoa mvuke wa asidi ya haidrofluoriki, unaochoma mapafu. Gereji zetu nyingi anayejaza gesi na anayechomelea wako bega kwa bega. Huhitaji kupenda pengwini ili ulijali hilo.

Tunalipia kitu gani?

Lakini hata fundi aliyesoma yote haya atarudi kulekule kama sisi wateja hatubadiliki. Tunalipia mtungi, hatulipii uchunguzi. Fundi akikaa saa mbili na tochi na sabuni akapata oringi iliyochoka, mteja anasema: "Oringi ya buku mbili ndiyo unanidai hela yote hiyo?" Akijaza gesi kwa dakika kumi, mteja anatoa hela na asante juu. Tumemfundisha wenyewe kwamba maarifa ni bure na gesi ndiyo yenye thamani. Kisha tunashangaa kwa nini anauza gesi.

Chukua mfano wa kubuni: kujaza ni elfu hamsini, kutafuta tundu na kuliziba pamoja na gesi ni laki na ishirini. Ukijaza mara tatu umeshapitiliza, na tundu bado lipo. Ile dawa ya kuziba inayomwagwa ndani ya mfumo nayo si njia ya mkato. Inaweza kuziba valvu pamoja na tundu, na kuharibu mashine ya fundi atakayefuata.

Kwa hiyo ukienda gereji safari hii, usiende kubishana. Nenda na maswali matano, kwa adabu: Fundi, gesi imetokea wapi? Kibandiko kinasema gesi gani na gramu ngapi? Vakyumu utaivuta muda gani? Utapima kwa mizani? Na iliyobaki ndani utaitoa vipi bila kuiachia hewani? La mwisho gereji nyingi hazitakuwa na jibu, kwa sababu mashine ya kunyonya gesi ni ghali. Uliza hivyohivyo. Kitu kisichoulizwa na mteja hakinunuliwi.

Halafu akipata tundu, mlipe kwa kulipata.